Mgonjwa wa akili anapozidiwa usiku, hospitali imweke wapi?

Mleta mada

Ndugu wanajukwaa, kazi yangu ni ukalimani wa Kiswahili hospitalini, katika jimbo mojawapo la katikati ya Marekani ambako familia nyingi za Kikongo zimehamia, baadhi zikiwa zimepitia miaka mingi katika kambi za wakimbizi za Nyarugusu (Tanzania) na Kakuma (Kenya). Wengi ninaowakalimania huja kwa mambo ya kawaida ya uzazi, sukari, presha na meno ya watoto. Simu inayolia baada ya saa sita ya usiku, hata hivyo, mara nyingi huhusu mtu aliyezidiwa kiakili, na simu hizo ndizo zilizonisukuma kuanzisha uzi huu. Ninayoyasimulia nimeyachanganya kwa makusudi, umri, jinsia na mazingira, ili asitambulike mtu yeyote, kwa sababu siri ya mgonjwa inanibana mimi kama inavyombana daktari.

Kwa desturi mtu huyo hupokelewa katika idara ya dharura ya kawaida. Taa hazizimwi, mashine zinalia, machela zinapita na majeruhi wa ajali. Anavuliwa nguo zake na kuvishwa gauni la hospitali. Simu, mkanda na kamba za viatu vinachukuliwa. Chumba kimeondolewa kila kitu isipokuwa kitanda. Na mlangoni anakaa mlinzi ambaye kazi yake ni kumtazama tu. Daktari wa dharura akisharidhika kwamba mwili hauna tatizo, huanza kutafutwa nafasi katika wodi ya akili, popote itakapopatikana jimboni, na kwa kawaida nafasi haipo. Mgonjwa husubiri saa kumi, au siku nzima, au siku tatu, na katika muda wote huo anaweza asipate hata mazungumzo ya dakika 20 na mtu aliyesomea maradhi yake.

Nilimkalimania baba mmoja wa makamo aliyekimbia vita. Hakuwa amelala kwa siku nne, na aliniambia kwamba roho yake imetangulia mbele na mwili umebaki nyuma. Alipomwona mlinzi mwenye sare amesimama mlangoni aliuliza, kwa sauti ndogo sana: "Huyu askari amekuja kunichukua?" Nilikalimani neno kwa neno. Muuguzi alijibu, kwa nia njema kabisa, kwamba mlinzi yupo kwa ajili ya usalama wake. Lakini kwa mtu aliyewahi kuona wanaume wenye sare wakisimama kwenye mlango wa nyumba yake usiku, jibu hilo halikuwa na maana yoyote. Alikaa macho hadi asubuhi akiutazama mlango. Ninaamini usiku ule tulimwongezea ugonjwa, ingawa hapakuwa na mtu mmoja aliyemtendea vibaya.

Hali hiyo ina historia yake. Mwaka 1955 hospitali za akili za majimbo ya Marekani zilikuwa na wagonjwa wapatao 559,000. Hospitali hizo, ambazo nyingi zilikuwa mahali pa mateso, zilianza kupunguzwa, na mwaka 1963 Rais Kennedy alitia saini sheria iliyokusudia kuweka vituo vya afya ya akili karibu na makazi ya watu. Vitanda viliondoka, vituo vingi vilivyoahidiwa havikujengwa. Kisha sheria ya mwaka 1986 ikazilazimisha idara za dharura kumpima kila anayefika, na kumtibu mwenye dharura hadi hali yake itengemae, awe na fedha au asiwe nazo, na kwa hiyo mlango huo ukawa ndio pekee usiofungwa. Mwaka 2014 Mahakama ya Juu ya jimbo la Washington iliamua kwamba sheria ya jimbo hairuhusu kumshikilia mgonjwa wa akili katika idara ya dharura kwa sababu tu vitanda vya matibabu vimejaa.

Sasa nifike kwenye jambo lenyewe. Hospitali kadhaa huku zimejenga sehemu ya pekee kwa ajili ya mtu aliyezidiwa kiakili, pembeni ya idara ya dharura, kwa mfumo unaoitwa EmPATH, jina lililoundwa kwa herufi za mwanzo za maneno ya Kiingereza yenye maana ya tathmini, matibabu na uponyaji wa dharura za akili. Aliyeueneza zaidi ni Dk. Scott Zeller, daktari wa magonjwa ya akili aliyeongoza huduma ya dharura za akili katika kaunti ya Alameda, California. Mwaka 2014 yeye na wenzake walichapisha matokeo ya utaratibu wao: wagonjwa katika idara za dharura za eneo hilo walisubiri kwa wastani wa saa 1 na dakika 48 kabla ya kupelekwa kwenye huduma hiyo, wakati wastani wa jimbo ulikuwa zaidi ya saa 10, na ni takriban robo tu ya waliopokelewa ambao hatimaye walihitaji kulazwa. Hospitali ya Chuo Kikuu cha Iowa ilifungua sehemu kama hiyo mwaka 2018. Kwa wagonjwa waliofika wakiwa na mawazo ya kujiua, muda wa kukaa katika idara ya dharura ulishuka kutoka saa 16 hivi hadi karibu saa 5, na waliolazwa wodi ya akili wakapungua kutoka asilimia 57 hadi 27.

Nimeingia katika sehemu ya namna hiyo mara nyingi, nami nataka niieleze polepole, kwa sababu naona tiba inaanzia kwenye chumba chenyewe. Ni ukumbi mmoja mpana wenye mwanga wa dirishani. Badala ya vitanda kuna viti vikubwa vya kujilaza, kila kimoja kikiwa mbali kidogo na kingine, na mgonjwa anaweza kukivuta kuelekea dirishani au kukigeuza aupe ukumbi mgongo. Wauguzi hawakai nyuma ya kioo. Wanakaa na kuzunguka humo humo. Kuna meza yenye maji, juisi, mkate na matunda, na mtu anachukua mwenyewe bila kuomba ruhusa. Jambo hilo la maji laweza kuonekana dogo, lakini mtu aliyetoka katika chumba ambako alilazimika kugonga mlango ili apewe kikombe cha maji huonekana wazi anavyobadilika anapoinuka na kujimiminia. Pembeni kuna vyumba vidogo vya utulivu, visivyofungwa kwa ufunguo, kwa anayetaka kulia au kuswali au kunyamaza.

Daktari wa akili humwona mgonjwa mapema, ana kwa ana au kwa video, na dawa, ikihitajika, huanza siku hiyo hiyo. Mtu anaweza kukaa humo hadi karibu saa 24, na muda huo si wa kusubiri kitanda: anakula, analala, anazungumza, dawa inaanza kufanya kazi, ndugu wanapigiwa simu, miadi ya wiki inayofuata inapangwa. Watu wengi waliofika wakisema hawataki kuiona kesho huwa katika hali nyingine kabisa baada ya usingizi wa saa nane na mazungumzo mawili ya kweli. Si kwamba wamepona. Ukali wa saa ile umepita, na sasa wanaweza kutibiwa wakiwa nyumbani.

Nina mashaka yangu pia. Ukumbi wa wazi una watu wa jinsia zote. Mama mmoja aliyevaa ushungi alikaa wima kwenye kiti usiku kucha, kwa sababu kujilaza mbele ya wanaume asiowajua lilikuwa jambo lisilowezekana kwake, na hakusema neno hadi nilipoomba ruhusa ya daktari kumuuliza. Alipewa chumba cha utulivu na shuka mbili, akalala kabla hatujamaliza kuongea. Ujenzi mzuri haukutosha. Ilibidi awepo mtu wa kuuliza.

Lipo pia suala la lugha. Siku hizi ukalimani mwingi hufanyika kwa video, kwa kishikwambi kilichowekwa juu ya kigari. Kwa mtu anayesikia sauti, uso unaomwongelesha kwa Kiswahili kutoka kwenye kioo unaweza kuwa sauti nyingine tu ya kuogopa. Na maneno yenyewe yana mitego. Mgonjwa akisema "mama ananiita", na mama yake amefariki, daktari anaweza kuandika kwamba mgonjwa anasikia sauti, wakati huenda anasimulia ndoto, au anasema kwamba amechoka na anatamani kumfuata. Wajibu wangu ni kukalimani alichokisema, kisha kumwomba daktari amuulize anakusudia nini, na kamwe nisijibu kwa niaba yake.

Ningependa kusikia kutoka kwa wanaofanya kazi hizi nyumbani na kwingineko: huko kwenu mtu huyu anawekwa wapi?

Mchangiaji wa pili

Ndugu mleta mada, asante kwa maelezo ya kina. Mimi ni muuguzi katika hospitali ya mkoa hapa Tanzania, na nitasema ukweli bila kuitaja hospitali. Chumba chetu kilikuwa stoo. Kipo mwisho wa korido, kina nondo dirishani, na komeo la mlango liko upande wa nje. Usiku tunakuwa wauguzi wawili kwa wodi nzima. Mgonjwa wa akili kwa kawaida haletwi na gari la wagonjwa. Analetwa na majirani, wakati mwingine amefungwa kamba mikono, baada ya kupelekwa kwanza kwenye maombi au kwa mganga, na anapofika kwetu tayari ni siku ya tano au ya sita. Daktari bingwa hatuna. Akishindikana tunaandika rufaa ya Mirembe, Dodoma, hospitali ya magonjwa ya akili iliyoanzishwa tangu mwaka 1927, na kwa baadhi ya familia nauli ya kumfikisha huko na kumsindikiza ndiyo inayoamua kama atatibiwa.

Kwa hiyo nikisoma habari za viti vya kujilaza na dirisha pana, nafurahi kwa ajili ya wagonjwa wa huko, lakini najiuliza kipi kati ya hayo kinaweza kufanyika kwenye stoo yangu. Nilichoweza hadi sasa ni hiki: naweka mkeka na benchi, namruhusu ndugu mmoja anayeaminiwa na mgonjwa aingie akae naye, na nafungua kamba kabla ya kuuliza swali lolote. Wenzangu waliniogopea mwanzoni. Swali langu ni juu ya yule mwenye fujo ya kweli, anayerusha ngumi, maana kwa huyo naona sina njia isipokuwa komeo na sindano.

Mleta mada

Dada yangu (au kaka, unisamehe kama nimekosea), umefanya jambo ambalo hospitali zenye fedha nyingi zilichukua miaka kulikubali. Ndugu kuwa ndani ya chumba ni utajiri ambao huku haupo. Ndugu wa mgonjwa aghalabu huachwa kwenye ukumbi wa kusubiri na haambiwi lolote.

Kuhusu mwenye fujo, mwaka 2012 kundi la madaktari wa Marekani, Zeller akiwa mmoja wao, lilichapisha mwongozo wa kumtuliza mgonjwa kwa maneno, nami nimeona ukifuatwa mbele ya macho yangu. Mengi ndani yake hayahitaji fedha. Anazungumza mtu mmoja tu, wengine wote wananyamaza, kwa kuwa sauti tano zikiamrisha kwa pamoja humchanganya hata mzima. Unasimama umbali wa angalau urefu wa mikono miwili, na humzibii njia ya mlango. Unajitambulisha jina na kazi yako. Sentensi zinakuwa fupi, na unarudia, kwa sababu aliyefadhaika hasikii mara ya kwanza. Unamuuliza anataka nini, kisha unatafuta kitu katika maneno yake ambacho unaweza kukubaliana naye kwa kweli, hata kama ni kwamba chumba kina joto. Unampa uchaguzi ulio ndani ya uwezo wako: maji au chai, kukaa hapa au pale, dawa ya kumeza kabla ya kufikiria sindano. Nimewahi kumwona muuguzi mwenye umbo dogo akimtuliza kijana aliyekuwa ameshika kiti juu ya kichwa, na alichokisema ni: "Naona umechoka sana. Umekula leo?" Kijana hakuwa amekula kwa siku mbili.

Hata hivyo sitakudanganya. Wapo ambao maneno hayawafikii usiku ule, na muuguzi aliye peke yake na wagonjwa 40 hawezi kulaumiwa kwa kutumia sindano. Lawama ni ya aliyepanga wauguzi wawili.

Mchangiaji wa tatu

Naishi Uingereza, ninafanya kazi ya ulezi wa jamii. Huku polisi wakimkuta mtu hadharani akiwa katika hali ya kujihatarisha wanaweza, kwa kifungu cha 136 cha Sheria ya Afya ya Akili ya mwaka 1983, kumpeleka "mahali pa usalama", na kwa miaka mingi mahali hapo palikuwa, mara nyingi mno, seli ya kituo cha polisi, hata kwa watoto. Tangu Desemba 2017 ni marufuku kuwaweka walio chini ya miaka 18 seli kwa sababu hiyo, na muda wa kumshikilia mtu umepunguzwa kutoka saa 72 hadi 24, ingawa unaweza kuongezwa kwa saa 12.

Jambo ninalotaka kuliongeza ni kwamba si lazima mahali salama pawe ndani ya hospitali. Mwaka 2014 katika mji wa Aldershot ilifunguliwa sehemu inayofanana na mgahawa, inayofunguliwa jioni na mwisho wa wiki, ambako mtu anaingia bila miadi, anapewa chai, na anakaa na wataalamu pamoja na watu ambao wao wenyewe wamewahi kupitia maradhi hayo. Miji mingine iliiga. Udhaifu wake ni saa za kufungwa. Dhiki haiangalii saa. Kwa akina mama wenzangu Waswahili ninaowapeleka, mgahawa unawafaa kuliko hospitali kwa sababu moja ambayo hawaifichi: ukionekana unaingia mgahawani, hakuna atakayesema umeingia "milembe", yaani hospitali ya vichaa.

Mchangiaji wa nne

Naandika kutoka Kenya. Nawaheshimu wote waliotangulia, ila naona tumeanzia chumbani wakati tatizo liko getini. Mdogo wangu alipojaribu kujiua miaka kadhaa iliyopita, familia ilikubaliana, tukiwa ndani ya gari, kwamba tutasema ni ajali. Hatukumwogopa daktari; tuliogopa kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu kilicholifanya jaribio la kujiua kuwa kosa. Kwa uongo wetu alitibiwa mwili, akaruhusiwa baada ya siku mbili, na hakuna aliyemuuliza lolote. Alirudi nyumbani na ugonjwa ule ule.

Januari 2025 Mahakama Kuu ilitangaza kwamba kifungu hicho kinakiuka Katiba. Nililia niliposoma habari ile. Kwa ndugu zetu wa Tanzania, ninavyofahamu kifungu cha 217 cha sheria yenu ya adhabu kinasema hivyo hivyo, na muuguzi wa hapo juu atatuambia ni familia ngapi zinamfikia na hadithi za ajali.

Mchangiaji wa pili

Ni nyingi. Nami siandiki kila ninachoambiwa. Nikishafunga mlango namwambia ndugu aliyekaa kwenye mkeka: "Nimesikia ni ajali. Sasa niambie kama amekuwa akilala." Wengi hapo ndipo wanapoanza kusema.

Mleta mada

Ndugu wa Kenya, umenirudisha mahali nilipopaswa kuanzia. Huku nako hofu hiyo ipo kwa sura nyingine: familia huogopa kwamba mgonjwa akitajwa kuwa na maradhi ya akili ataondolewa kazini, au watoto watachukuliwa, au karatasi za ukaazi zitaharibika, na kwa hiyo husema ana kichwa kinachouma. Anapimwa kichwa, anapewa vidonge vya maumivu, anarudi nyumbani.

Kwa hiyo niwaachie walioko Marekani mambo machache ya usiku ule wenyewe. Mkifika mapokezi, semeni waziwazi kwamba ni dharura ya akili, na kama ametaja kufa, semeni maneno yake yale yale. Ombeni mkalimani mara hiyo hiyo. Hospitali inayopokea fedha za serikali kuu inapaswa kumtoa bila malipo, na mtoto wa miaka 11 asigeuzwe mkalimani wa mama yake katika jambo hili, hata kama Kiingereza chake kimenyooka. Kama video inamtisha, ombeni mtu aje, au itumiwe sauti ya simu peke yake. Ulizeni kama hospitali ina sehemu ya dharura za akili iliyotengwa, na kama haina, ulizeni kama ipo mjini. Mwambieni muuguzi kama sare zinamtisha mgonjwa, na kwa nini. Mlinzi anaweza kusogezwa asionekane, nimeona ikifanyika kwa ombi la sentensi moja. Usiku ambao hamjui kama hali imefikia kwenda hospitali, kuna namba ya simu ya msaada wa dharura za akili, 988, iliyoanza kufanya kazi nchi nzima Julai 2022. Mkipokelewa kwa Kiingereza tamkeni tu "Swahili" na msubiri, mkalimani ataunganishwa.

Yule baba niliyemtaja mwanzo nilikutana naye tena baada ya miezi kadhaa, katika hospitali nyingine yenye ukumbi wa viti. Alikuwa amezidiwa tena. Safari hii alikisogeza kiti chake hadi ukutani, akaugeukia mlango ili auone vizuri, na muuguzi akamwacha akae hivyo hivyo. Saa nane ya usiku alikuwa amelala.